Kwani Nuru siyo jina la Kikristo? Tuongee kidogo kuhusu majina na ubatizo

Tarehe 8 Mei 2025 jioni, Kadinali Robert Prevost katangazwa Papa, ametokea pale kibarazani Vatikano anapungia watu, huku kwetu grupu la WhatsApp la ukoo lishachafuka. Mjomba mmoja, Mlutheri wa siku nyingi, kauliza tu kistaarabu: huyu baba kabatizwa Robert, jina zuri tu, sasa Leo wa 14 ya nini tena? Shangazi ambaye ameokoka akarusha klipu ya mchungaji anasema ukimpokea Yesu LAZIMA jina libadilike manake hata Sauli alivyoanguka njiani Dameski akaamka anaitwa Paulo. Binamu yangu naye, yule msomaji, akaingia kwamba majina ya ubatizo yote ni ukoloni, tuyatupe. Mpaka saa sita usiku watu hawajalala.

Mi nilikaa kimya, ila niliona kitu kimoja, kila mtu alikuwa anaongelea jambo lake akidhani wote wanaongelea lilelile. Halafu kama wiki tatu mbele nikaitwa kusimamia ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu, tuko ofisini parokiani, katekista kafungua lile daftari kubwa, kalamu mkononi.

"Jina la mtoto?"

"Nuru."

"Hilo la nyumbani mama. La Kikristo?"

Mama mtoto akamwangalia bibi mtoto, bibi akajibu bila hata kugeuza shingo: "Ndo hilohilo." Katekista akaweka kalamu chini. Nitarudi hapo, kwanza tuelewane maneno.

Watu wanaposema "jina la ubatizo" wengi wanadhani ubatizo ndo unaokupa jina, yaani unaingia huna unatoka nalo. Sasa sikiliza ibada yenyewe ya Kikatoliki inavyoanza, mlangoni kabisa padre anawauliza wazazi mtoto mmempa jina gani. MMEMPA. Ishatokea huko nyumbani. Halafu kwenye maji anasema fulani, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Jina linalofanya kazi hapo ni hilo la mwisho, siyo la kwako. Ni kama ulivyokuwa mdogo unatumwa dukani kwa Mangi, hela huna, unasema "mama kasema unipe sukari nusu, atakuja kulipa." Mangi anakupimia. Hakupi kwa sababu unaitwa nani, anakupa kwa jina la mama yako. Uitwe Nuru, uitwe Bartolomayo, sukari ni ileile.

"Jina la kipaimara" ni jingine, wengine wanaongeza wakati wa kipaimara na wengine wanabaki na la zamani, siyo sharti. Jina la utawa ni lile masista na mabruda wa mashirika mengi hupewa wakianza maisha ya utawa. La Papa ni mambo yake, nitaligusa. Halafu kuna "somo". Hili neno nalipenda, manake Kiswahili kilishakuwa nalo: mtu mnayeitwa jina moja ni somo wako. Wakatoliki wakalichukua, mtakatifu unayeitwa jina lake ndo somo wako, siku yake ikifika watu wanakupigia simu heri ya somo na wewe unajifanya huna hela ya soda.

Sasa Biblia. Watu wanabadilishwa majina humo, kweli, ila ukisoma kwa utulivu unaona siyo jambo moja. Anza na Abramu. Mwanzo 17, mzee ana miaka 99, na mkewe Sarai hawajapata hata mtoto mmoja, Mungu anamwambia kuanzia leo wewe ni Abrahamu, baba wa mataifa mengi, na mkeo ni Sara. Kwetu hii haihitaji tafsiri kabisa. Mwanamke wa Kiswahili akishajifungua, jina lake mtaa mzima wanalisahau, anakuwa Mama Asha, Mama Juma, hata mumewe anamwita hivyo, unaweza kukaa na jirani miaka kumi na hujui anaitwa nani hasa. Cheo kimekuja na jina limefuata. Sasa vuta picha mtaa mzima unaambiwa umwite "Baba Mataifa" kikongwe asiye na hata mtoto mmoja na huyo mkewe. Jina limetangulia, mtoto hajaja. Ndo uzito wa hiyo habari, jina pale ni ahadi, siyo beji ya kuingilia dini. Abrahamu alikuwa ameshamwamini Mungu miaka mingi akiwa Abramu vilevile.

Yakobo naye baada ya kupigana mieleka usiku kucha anaitwa Israeli, Mwanzo 32. Lakini cha ajabu, fungua Mwanzo 46, Mungu mwenyewe anamwita usiku "Yakobo, Yakobo." Simoni anapewa jina Kefa, ndo Petro, maana yake mwamba, halafu usiku ule kabla ya kukamatwa Yesu anamwambia "Simoni, Simoni," na baada ya kufufuka kule ziwani anamuuliza "Simoni wa Yohana, je, wanipenda?" mara tatu. Aliyempa jina jipya ndo huyohuyo analitumia la zamani. Kwa hiyo hili wazo kwamba jina la zamani linakufa, linazikwa, ukiitwa nalo unarudishwa dhambini, kwa hao wawili halipo.

Tuje kwa Paulo sasa, manake klipu ya shangazi imetazamwa sana. Sauli anakutana na Yesu njiani Matendo sura ya 9. Sauti inamwita "Sauli, Sauli." Anabatizwa, anaendelea kuitwa Sauli. Sura ya 11, Sauli. Sura ya 13 kule Antiokia, na hii ndo inanifurahisha, Roho Mtakatifu anasema "Nitengeeni Barnaba na Sauli." Mtu kaokoka zamani, kabatizwa, anahubiri, na Roho Mtakatifu bado anamwita Sauli! Ndipo mstari wa 9 wa sura hiyohiyo, wapo kisiwani Kupro mbele ya liwali Mrumi, Luka anaandika tu kwa kupita "Sauli, ambaye ndiye Paulo." Basi. Hakuna sherehe, hakuna sauti kutoka mbinguni. Alikuwa na majina mawili tangu huko, la Kiebrania la nyumbani na la Kirumi, kwa sababu alizaliwa raia wa Rumi. Alivyoanza kuzunguka kwa watu wa mataifa akatumia lile wanaloweza kulitamka. Hii tunaifanya kila siku: nyumbani Tarime ni Mwita, akifika Dar ofisini ni Michael, na hakuna aliyesema kaokoka njiani kwenye basi.

Ila kuna ubadilishaji mwingine kwenye Biblia ambao wahubiri wanaupita haraka, ule wa mwenye nguvu kumpa jina mtu aliye chini yake. Danieli sura ya 1. Vijana wanne wa Yuda wametekwa, wamepelekwa Babeli, mkuu wa matowashi anawapa majina mapya: Danieli anakuwa Belteshaza, Hanania Shadraka, Mishaeli Meshaki, Azaria Abednego. Azaria maana yake Bwana amesaidia. Abednego ni mtumwa wa Nego, yaani Nebo, mungu wa Babeli. Ni majina ya utumwa hayo, ya kufuta dini ya hao vijana. Halafu sasa angalia sisi, Shadraka na Meshaki tumejaza kwenye madaftari ya ubatizo kama majina safi kabisa ya Kikristo, na Abednego nimesoma naye darasa moja, wakati Hanania na Mishaeli ukiita barabarani sidhani kama atageuka mtu. Tumewabatiza watoto kwa majina waliyopewa na waliowateka, na wala hakuna aliyedhurika.

Na hii inatupeleka kwenye lile swali, eti jina lenye asili ya kipagani linaweza kuwa la Mkristo? Soma salamu za mwisho za barua za Paulo, zile ambazo kanisani watu wanaanza kupiga miayo. Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, hilo lilikuwa jina mojawapo la mungu mke Artemi. Epafrodito limetoka kwa Afrodito, mungu wa mapenzi wa Wayunani. Apolo yule mhubiri hodari ana jina lililotoka kwa mungu Apolo. Dionisio wa Athene, Matendo 17, jina lake limetoka kwa Dionisi mungu wa mvinyo, na ndo huko alikotoka kila Denisi unayemjua. Paulo hakumwambia hata mmoja wao nenda kabadilishe kwanza. Karne za mwanzo Wakristo walibaki na majina yao tu, taratibu wazazi wakaanza kupenda kuwaita watoto Petro na Paulo, kwa mapenzi, kama watu walivyowaita watoto Nyerere au Obama.

Kwa mapapa ndo ilikuja kama mkasa. Mwaka 533 alichaguliwa padre anaitwa Mercurius, ambaye ni mungu wa Warumi wa biashara na safari, akaona Papa kuitwa hivyo inaleta ukakasi, akajiita Yohana wa Pili. Karne kadhaa mbele ikawa desturi. Ni desturi, siyo sheria, manake Adriano wa 6 mwaka 1522 na Marselo wa 2 mwaka 1555 walibaki na majina yao ya ubatizo. Kwa hiyo mjomba jibu lako ni hilo, Robert haina shida yoyote. Papa mwenyewe alieleza siku mbili baadaye, alimkumbuka Leo wa 13 aliyeandika waraka kuhusu wafanyakazi mwaka 1891 wakati wa viwanda, na yeye anaona sasa kuna mapinduzi mengine ya akili mnemba. Jina la Papa ni kama kusema serikali yangu itafanya nini, kwa neno moja.

Basi hili la "lete jina la mtakatifu" limetoka wapi? Baada ya Mtaguso wa Trento, yaani ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katekisimu ya mwaka 1566 ilihimiza mtoto apewe jina la mtakatifu ili awe na wa kumuiga. Sheria za Kanisa za 1917 zikakaza, padre ahakikishe jina ni la Kikristo, wazazi wakigoma yeye aongeze la mtakatifu na aandike yote mawili. Na hao mapadre wa 1917 ndo waliotubatizia babu zetu, unaelewa sasa kwa nini kila mzee wa kijijini ana jina la Kitaliano asiloweza kulitamka. Halafu 1983 sheria mpya ikatoka, kanuni ya 855, inasema tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Imebadilika toka "lete la mtakatifu" kuwa "usilete la ajabu." Ni zaidi ya miaka arobaini hiyo ila kuna ofisi habari haijafika bado.

Binamu na ukoloni wake, naye hakosei yote. Yule Jacob Wainwright aliyeusindikiza mwili wa Livingstone mpaka London mwaka 1874 alikuwa Myao, alitekwa utumwani mtoto, akasomeshwa kwenye shule ya misheni India, na jina tunalomjua nalo ni la Kiingereza, tena Wainwright maana yake fundi wa mikokoteni. Hapo jina limefanya kazi ya Babeli. Lakini watu wetu hawakuwa wamelala. Kenyatta, alivyokuwa bado anaitwa Kamau, alikwenda kubatizwa misheni ya Thogoto mwaka 1914, inasimuliwa alitaka aitwe John Peter, wamisheni wakamwambia mitume wawili hapana chagua mmoja, akaenda akarudi na Johnstone. John kabaki, na "stone" ni jiwe kwa Kiingereza, na Petro ni mwamba, kwa hiyo kawapitisha wote wawili mlango mmoja! Nikikumbuka hii nacheka peke yangu.

Kule Kongo ikawa kinyume. Mobutu mwaka 1972 akapiga marufuku majina ya Kikristo, yeye mwenyewe aliyekuwa Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, mapadre wakatishiwa kifungo wakibatiza mtoto kwa jina la kigeni, Kadinali Malula akapinga mpaka akalazimika kukimbilia Roma kwa muda. Na Malula siyo kwamba alikuwa anaupenda Uzungu, ndiye aliyepigania misa ya Kikongo yenye ngoma na kucheza. Alichokataa ni rais kuingia kwenye kisima cha ubatizo. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Goma waliozaliwa miaka ile ndo maana wana yale majina marefu mawili ya kikwao, lile la pili limekaa pale ambapo la ubatizo lingekaa.

Kwa hiyo misheni ikilazimisha John na dikteta akikataza John, mi naona ni mkono mmoja.

Kingine, tunasema "jina la Kizungu" kwa majina ambayo wala siyo ya Wazungu. John ni Yohana, ni Kiebrania, maana yake Bwana ana neema, na Hana ni neema yenyewe. Dada yako Neema ana jina hilohilo ila limetafsiriwa, tena neno neema lenyewe tumelitoa Kiarabu na hakuna Mkristo anayelikimbia. Uchagani na Upareni Walutheri walifanya ufundi wao, Elibariki, Elifuraha, Elinami, ile Eli ni Mungu kwa Kiebrania halafu wanamalizia na Kiswahili au lugha ya nyumbani. Na Godlisten! Watu wanamcheka Godlisten, ila Ishmaeli maana yake ni Mungu anasikia. Godlisten wa Moshi na Ismaili wa Tanga ni masomo, hawajui tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Bakhita. Binti wa Darfur, ametekwa na wafanyabiashara wa watumwa, kwa kitisho alichopata akasahau mpaka jina aliloitwa na mama yake, waliomteka wakamwita Bakhita, mwenye bahati, neno lilelile la bahati yetu. Ni kejeli ile. Mwaka 1890 akabatizwa Venisi, wakamwita Josephine Margaret, na Fortunata. Fortunata ni Kilatini cha Bakhita. Yaani Kanisa lilichukua tusi la watekaji likalibatiza bila kulifuta. Mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu, na leo ukienda na mtoto unasema anaitwa Bakhita hakuna katekista atakayeweka kalamu chini. Ni kama Kizito na Lwanga, hayo yalikuwa majina ya Buganda tu, kufikia 1964 walipotangazwa watakatifu yakawa ya Kikristo kwa dunia nzima. Hata Nyerere, alizaliwa siku ya mvua akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, Julius lilikuja 1943 alipobatizwa. Sasa hivi anaitwa Mtumishi wa Mungu, mchakato wa kumtangaza mtakatifu uko Kanisani. Ukifika mwisho basi mtoto atabatizwa Kambarage na somo atakuwa naye, na yule mzimu atakuwa kwenye foleni moja na Apolo na Dionisi.

Nimalizie na majina ya mikosi, Shida, Tabu, Mateso, Majuto, Sikujua. Wapo wanaoambiwa jina ndo limefunga ndoa na ajira. Biblia ina pande zote. Raheli akiwa anakufa alimwita mwanae Benoni, mwana wa huzuni yangu, baba akakataa, akamwita Benyamini. Naomi aliporudi Bethlehemu na msiba akasema msiniite Naomi niiteni Mara, uchungu, na kitabu kizima kikaendelea kumwita Naomi kana kwamba hakusikia. Na Yabesi, 1 Nyakati 4, jina lake ni maumivu, mama alimzaa kwa huzuni, akaomba, Mungu akampa alichoomba, jina likabaki lilelile. Kwa hiyo kama jina lako linakuuma badilisha, hakuna dhambi, mimi mwenyewe ningeitwa Mateso ningefikiria. Ila ukiambiwa ulete hela ndo livunjwe, hapo uliza Yabesi alilipa ngapi. Na ukibadilisha kanisani ujue serikalini hujabadilisha kitu, maji ya ubatizo hayafiki NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, ni wakili, kiapo na hati ya kubadili jina isajiliwe, la sivyo cheti cha shule kinasema Shida na kitambulisho kinasema Baraka na mwajiri anataka kujua wewe ni nani kati ya hao wawili.

Turudi ofisini. Katekista, mzee mwenye heshima zake, hakuwa na ubaya, akasema basi tumtafutie somo, tarehe 13 Disemba ni Mtakatifu Lusia. Nikamwambia mzee wangu, Lusia ni Kilatini, ni nuru. Akanyamaza. Akavua miwani akaifuta na shati. Kisha akaandika kwa ule mwandiko wake wa kulala, Nuru Lusia, akageuza daftari mama aone.

Bibi akauliza kwa hiyo kameandikwa mara mbili?

"Mara mbili mama," katekista akasema, akagonga muhuri.

Nyumbani wanamwita Nunu.